Mpiga Gita wa Vidole Viwili

Wasikilizaji, jioni hii nataka kuwahadithia habari za Django Reinhardt, mpiga gita wa Ulaya, aliyebadili bendi na namna za muziki mara nyingi. Mabadiliko mengine aliyataka mwenyewe, na mengine yalimjia kwa msiba.

Alizaliwa tarehe 23 Januari 1910 katika kijiji cha Liberchies, nchi ya Ubelgiji. Jamaa zake walikuwa Waroma, watu waliosafiri huku na huko na magari ya kukokotwa na farasi, na magari hayo ndiyo yaliyokuwa nyumba zao. Alikulia kambini karibu na Paris. Shuleni hakukaa, elimu yake ilikuwa sikio. Alipokuwa na miaka 12 hivi alipewa banjo, akatazama vidole vya wakubwa, akaviiga. Haukupita muda mrefu akaajiriwa katika majumba ya dansi, kuwafuatisha wapiga kodiani. Mwaka 1928 sauti ya banjo yake ikatiwa katika santuri kwa mara ya kwanza.

Mwaka huohuo, usiku mmoja wa Novemba, mshumaa uliangukia maua ya bandia ambayo mkewe aliyatengeneza ili kuyauza. Gari lote likawaka. Django akaokoka, lakini mguu wake na mkono wake wa kushoto viliungua vibaya. Waganga wakataka kuukata mguu, akakataa. Na mkono wa kushoto, ninyi mnaopiga gita mwajua, ndio unaobonyeza nyuzi. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vilijikunja, visinyoke tena.

Aliugua miezi 18. Ndugu yake Joseph akamletea gita, naye akaanza upya kama mtoto: vidole viwili vizima vikajifunza kukimbia penye kazi ya vinne, na vile vilivyojikunja vikasaidia kidogo tu katika kubonyeza nyuzi nyembamba. Namna ya zamani haikumfaa tena, basi akabuni yake.

Mwaka 1931 akasikia santuri za Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa Marekani, na moyo wake ukahamia katika jazi. Mwaka 1934, yeye na mpiga fidla Stéphane Grappelli wakaanzisha bendi mjini Paris: magita matatu, fidla moja, na besi. Ngoma haikuwamo! Magita mawili yalishika mwendo badala ya ngoma, na la Django likapaa juu yake.

Vita vilipotokea mwaka 1939 bendi ilikuwa Uingereza. Grappelli akabaki huko, Django akarudi Ufaransa. Akamweka mpiga klarineti mahali pa fidla, na mwaka 1940 akatoa wimbo wake wa Nuages, maana yake Mawingu, uliopendwa mno. Lakini serikali ya Hitler ilikuwa ikiwaua Waroma kwa maelfu. Mwaka 1943 alijaribu kukimbilia Uswisi, asifanikiwe.

Amani iliporudi, Duke Ellington alimwalika Marekani, mwaka 1946. Akaenda bila gita lake, akapiga gita la umeme mbele ya bendi kubwa. Safari hiyo haikumpa yote aliyoyatumaini, lakini hakurudi kuyafuata ya jana tu. Akaendelea na gita la umeme, akasikiliza jazi mpya ya vijana, akaipiga pamoja nao. Alifariki tarehe 16 Mei 1953, mwenye miaka 43.

Ndugu zangu, wapo wasemao kwamba mpiga muziki anayehama bendi ni mtu asiye na msimamo. Tumtazame huyu. Alihama kutoka kodiani kwenda fidla, kutoka fidla kwenda klarineti, kutoka ubao mtupu kwenda umeme. Na kila alipokwenda, asikiaye alijua mara moja kwamba huyu ni Django. Kilichobaki naye ni mkono ule ulioungua, na kazi aliyoufundisha.