Nani Alisema kwa Niaba ya Kijiji? Lugha katika Filamu za Vichekesho vya Kijijini

Katika historia ya sinema, kijiji kimekuwa mara nyingi uwanja wa kicheko. Wanahistoria huuliza filamu hizo zilitengenezwa na nani na kwa faida ya nani. Mwanaisimu ana swali la kuongeza: wanakijiji hao walisema kwa lugha gani, na kwa kinywa cha nani? Mifano mitatu itatusaidia kulijibu.

Wa kwanza ni wa mbali. Harusi ya Malinovka, filamu ya vichekesho na nyimbo iliyoongozwa na Andrei Tutyshkin, ilitolewa na Lenfilm mwaka 1967. Inahusu kijiji cha Ukraina wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambamo mzee Nechipor hubadilisha kofia kila utawala unapobadilika. Msomaji wa Oicha, aliyeona tangu 1996 majeshi na vikundi vya silaha vikipokezana katika eneo la Beni, hahitaji kufafanuliwa kofia hiyo. Hadithi yenyewe iliandikwa kwa Kiukraina na Leonid Yukhvid na kutiwa muziki na Oleksii Riabov katika miaka ya 1930. Baadaye Boris Aleksandrov aliitungia muziki mwingine kwa ajili ya jukwaa la Kirusi, na filamu ikafuata njia hiyo. Hivyo mavazi na majina ya Kiukraina yalibaki, lakini kijiji kikaimba Kirusi mbele ya watazamaji zaidi ya milioni 70.

Mfano wa pili ni wa kwetu. Katika miaka ya 1950 Padri Albert Van Haelst wa Shirika la Scheut alipiga filamu za vituko vya Matamata na Pilipili huko Luluabourg, ambayo leo ni Kananga. Bukavu nako Padri Roger De Vloo, wa Mapadri Weupe, alitengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Kwa sababu ya wingi wa lugha, maonyesho mengi ya Kongo yalitegemea mfafanuzi aliyesimama kando ya kitambaa cheupe, akieleza picha kwa lugha ya wasikilizaji. Mwanakijiji alionekana, aliyesikika ni mwingine.

Wa tatu ni wa Tanganyika. Kati ya 1951 na 1953 serikali ya kikoloni ilishirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg kutengeneza filamu za Kiswahili. Katika Muhogo Mchungu, Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, aliigiza mtu wa shamba aliyeingia mjini. Mafunzo yalikuwa ya serikali, lakini mchezaji alisema kwa kinywa chake mwenyewe, kwa lugha ya watazamaji wake.

Tofauti hiyo inatuhusu. Filamu inaweza kuhifadhiwa Ulaya, lakini maneno ya mfafanuzi hayakuhifadhiwa pamoja nayo. Yamebaki masikioni mwa wazee, na vita vimewatawanya wengi wao. Maneno hayo yangetuonyesha jinsi Kingwana cha watu kilivyokutana na Kiswahili cha misheni. Ni wajibu wa wanafunzi wa Oicha, Beni na Butembo kuwauliza wazee hao na kuandika majibu yao, maana mzee akifariki, nusu ya filamu hiyo huzikwa pamoja naye.