Hatari, kihatarishi na paradoksi

Barabara kuu ya Morogoro–Iringa inakatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Tembo aliyesimama barabarani usiku ni hatari. Mwendo kasi wa basi linalomjia ni kihatarishi, yaani jambo linaloweza kuzaa madhara ambayo bado hayajatokea. Neno lenyewe lina harufu ya jalada la serikali, nakubali. Lakini “hatari” imechoka: siku hizi hata mshambuliaji mzuri wa mpira ni hatari. Na msichanganye “kihatarishi” na “athari”, kwani hizo huja baada ya tukio.

Kuipatia “paradoksi” neno la Kiswahili kuna shida zaidi. Tazameni Mto Mkondoa pale Kilosa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ulifurika, ukaharibu reli ya kati kuelekea Gulwe na kuacha maelfu ya watu bila makazi. Mto huohuo ndio unaoleta tope linalorutubisha mashamba ya bondeni. Wapo wanaoiita hali hii utata, lakini hakuna lisiloeleweka hapo. Wengine husema kitendawili. Kitendawili kikishateguliwa kimekwisha, ilhali mto haukomi kulisha na kubomoa. Mimi nachagua “ukweli kinzani”: mambo mawili yanayopingana, yote kweli kwa wakati mmoja.

Mkulima anayerudi kulima bondeni maji yakipungua anajua yote hayo. Ukinzani hana namna ya kuuondoa. Kihatarishi anaweza kukipunguza: nyumba mlimani, mahindi bondeni.