Nani Alichora Maua ya Canton?

Katika somo la historia ya biashara ya dunia huwaonyesha wanafunzi wangu picha moja ya rangi za maji: tawi lenye maua, kipepeo ametua juu yake, panzi amejibanza chini ya jani. Kila mwaka hunijibu kwamba hilo ni pambo tu, halina siasa. Nami huwaomba tuanze na mahali lilikotoka.

Kuanzia mwaka 1757 hadi 1842, dola ya Qing iliibana karibu biashara yote ya Ulaya iliyokuja kwa bahari katika bandari moja, Canton, ambayo leo ni Guangzhou. Wageni waliishi katika ukanda mwembamba wa maghala kando ya mto. Hawakuruhusiwa kuingia mjini wala kusafiri bara. Chai na hariri walizipata, lakini nchi yenyewe hawakuiona. Pengo hilo likawa soko la wachoraji. Katika karakana zao kazi iligawanywa: huyu alichora mistari, yule alijaza rangi. Picha nyingi walizichora juu ya kiini cha shina la mmea uitwao Tetrapanax papyrifer, kilichokatwa kwa kisu kuwa utando mwembamba. Wazungu waliuita karatasi ya mchele, ingawa haumo mchele hata punje.

Mwaka 1812 alifika huko John Reeves, mkaguzi wa chai wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Aliwaajiri wachoraji wa Kichina wamchoree mimea, samaki na wadudu, naye akapeleka picha hizo kwa Jumuiya ya Kilimo cha Bustani ya London. Miche mingi ilikufa katika miezi ya safari baharini. Picha ndiyo iliyoonyesha upi ulistahili gharama. Kwa hiyo ua lile lilikuwa taarifa ya kibiashara. Baada ya Vita vya Kasumba, China ililazimishwa kufungua bandari tano. Mwaka 1843 jumuiya hiyohiyo ikamtuma Robert Fortune, ambaye baadaye, akiitumikia Kampuni, alihamishia India miche ya chai pamoja na mafundi wake.

Wanafunzi hupenda kuhitimisha kwamba wachoraji waliibiwa. Sikubaliani nao. Walikuwa mafundi hodari waliomjua mteja wao na kulipwa ujira. Tatizo lipo kwingine: aliyelipa ndiye aliyeamua kipi kichorwe, akakichukua, kisha sifa ikamwendea yeye. Fezanti mmoja wa China huitwa Syrmaticus reevesii. Akut, Akam, Akew na Asung, waliomchorea Reeves, tunawajua kwa sababu tu aliwataja katika maandishi yake.

Nayaandika haya nikiwafikiria watumishi wa umma wanaotia saini mikataba ya utafiti, na wanafunzi wanaokusanya takwimu vijijini kwa posho ya siku. Ujira ni haki, lakini hautoshi. Kabla ya kusaini, tuulize: nani amechagua swali, nakala itabaki wapi, na jina la aliyefanya kazi litaandikwa ukurasa gani? Wachoraji wa Canton hawakuwa na nafasi ya kuuliza hayo. Sisi tunayo, na mara nyingi tunanyamaza.