Mfalme Bila Mjomba

Wasee, hebu tuanzie nyumbani.

Kwetu Ndalu, kijana wa Kibukusu kabla hajatahiriwa lazima apite kwa mjomba wake. Khocha, ndugu ya mama. Khocha ndiye anachinja, ndiye anamvisha kipande cha nyama shingoni, kisha kijana anarudi mbio na kundi lake wakiimba. Baba yako anaweza kuwa na ng'ombe wa kujaza Tongaren yote, lakini hiyo nyama si kazi yake. Hapo unahitaji watu wa mama.

Nikiwa mdogo nilidhani ni mambo ya kula tu. Kumbe hapo kuna siasa ndani. Swali linaloulizwa ni moja: ukishikwa na shida kesho, mjomba wako ni nani?

Sasa nawapeleka Rwanda, Desemba 1896, mahali panaitwa Rucunshu, karibu na Muhanga ya leo. Huko mfalme aliuawa kwa sababu swali hilo lilimkosesha jibu.

Rwanda ya zamani ilitawaliwa na ukoo wa Abanyiginya. Mfalme, yaani mwami, alitoka kwao na si kwingine. Lakini mwami hakutawala peke yake. Alipotawazwa, mama yake alitawazwa pamoja naye, akapewa jina la kifalme na kuitwa umugabekazi. Usifikirie mama wa kukaa nyuma akipika. Alikuwa na makao yake, ng'ombe wake, watu wake, na neno lake lilisikika barazani.

Na huyo mama hakutoka ukoo wowote tu. Kulikuwa na koo chache zilizojulikana kwa kuzaa mama wa wafalme, kama Abakono na Abega. Elewa hesabu yao: Mwega hawezi kuwa mfalme hata afanye nini. Lakini binti wa Abega akiolewa ikulu, na mtoto wake akashika ngoma, basi ndugu zake ni wajomba wa mfalme. Na mjomba wa mfalme anagawa ardhi, anagawa ng'ombe, anasimamia majeshi. Kiti ni cha watu wengine, lakini mikono inayokishika ni yenu.

Mwaka 1889, mwami Kigeri IV Rwabugiri aliamua kumaliza ubishi wa urithi mapema. Akamtangaza mwanawe Rutarindwa kuwa mrithi na kumtawaza atawale naye. Shida ilikuwa moja. Mama yake Rutarindwa, aliyetoka kwa Abakono, alikuwa amekufa. Mila ilisema lazima awe na mama wa kutawala naye, kwa hivyo Rwabugiri akampa mama wa kupewa: mke wake mwingine, Kanjogera, binti wa Abega.

Sasa tulia hapo kidogo. Kanjogera alikuwa na mtoto wake wa kuzaa, kijana mdogo anaitwa Musinga. Na alikuwa na ndugu wawili wakali, Kabare na Ruhinankiko. Yaani Rwabugiri alimwambia mama alinde kiti cha mtoto wa mwenzake, huku wake mwenyewe amekaa pembeni anaangalia. Hata kama historia ilikulaza darasani, hapo unaona moto unakuja.

Rwabugiri akafa mwaka 1895. Mwaka uliofuata, jeshi la Rwanda likapigwa huko Shangi na askari wenye bunduki waliotoka upande wa Kongo, na Bisangwa, mmoja wa watu wakubwa waliosimama na Rutarindwa, akaanguka huko. Nguzo ikapungua.

Desemba 1896, pale Rucunshu, Abega wakaanza vita. Rutarindwa alipoona ameshindwa, nyumba ikateketea naye akiwa ndani, pamoja na mke wake na watoto. Ngoma ya kifalme nayo ikaguswa na moto huo. Wasimulizi wa Rwanda wanaeleza kwamba watu waliogopa sana kuona hivyo, lakini Kabare akawatuliza: mfalme yupo, ngoma inaweza kuchongwa nyingine. Hiyo ni mjomba anaongea, manze.

Musinga akatawazwa kwa jina la Yuhi V. Alikuwa na miaka kama 13 hivi. Mama yake Kanjogera akawa umugabekazi, na wajomba wakawa serikali. Mwaka 1897 afisa wa Kijerumani, Ramsay, alipofika ikulu, walimtolea mtu mzima mwingine akae pale kama ndiye mfalme! Mzungu akafanya mapatano na mtu ambaye hakuwa mfalme, huku wenye nchi wamekaa kando wanatazama.

Nisiwaache mkidhani hii ni mambo ya Afrika pekee. Ufaransa kulikuwa na familia ya Guise. Hawakuwa wafalme. Mwaka 1538 binti yao Marie aliolewa na mfalme wa Scotland, James V. Wakamzaa Mary, aliyekuwa malkia akiwa na siku 6 tu, baba yake alipofariki. Mwaka 1558 huyo Mary akaolewa na mrithi wa Ufaransa, na mwaka 1559 kijana akawa mfalme Francis II, umri miaka 15. Nani aliendesha Ufaransa? Wajomba wa bibi harusi. Mmoja alishika jeshi, mwingine, kadinali, akashika hazina. Ni Kabare na Ruhinankiko, tofauti ni mavazi.

Lakini angalia mwisho wake. Francis alikufa Desemba 1560, na wajomba wakasukumwa nje na mama mkwe wa Mary. Mary mwenyewe alikatwa kichwa Uingereza mwaka 1587. Mwaka uliofuata Henri wa Guise, binamu yake, akauawa na walinzi wa mfalme wa Ufaransa.

Kwa Abega pia, asali haikukaa. Kabare na Ruhinankiko waligeukana wenyewe kwa wenyewe. Kaskazini akatokea mtu anaitwa Ndungutse, akisema ni mwana wa Rutarindwa, na watu wengi wakamfuata. Ilibidi Wajerumani waje wamzime kwa bunduki mwaka 1912. Mwisho Wabelgiji wakamwondoa Musinga mwaka 1931, wakampeleka uhamishoni pamoja na mama yake. Na aliyewekwa mahali pake, Rudahigwa, mama yake alitoka ukoo gani? Abega. Wanaume walianguka, lakini hesabu ya ndoa iliendelea kufanya kazi.

Mbona nawaambia haya yote?

Desemba iliyopita kulikuwa na kikao kwetu. Kuna binamu yangu, tumelelewa naye boma moja, na kuna familia moja ya uwezo upande wa Kitale inamtaka kwa kijana wao. Wazee walikaa kwa hema wakihesabu ng'ombe. Halafu mzee mmoja akanigeukia mimi, mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, akasema, "Wewe pia utapata mahali. Hao watu hawawezi kukosa kazi ya shemeji."

Wasee, nitasema ukweli. Nilifurahi. Kwa dakika kama tano hivi nilijiona kwa ofisi. Halafu nikaenda jikoni kuchukua chai, nikamkuta binamu ameshika sufuria, haongei. Nikamuuliza, "Wewe wamekuuliza?" Akaniambia, "Waniulize nini, na wewe ushapata kazi?"

Sikunywa hiyo chai. Nilikuwa Kabare mdogo wa Ndalu, na sikuwa najua.

Sisemi ndoa za kuunganisha familia ni mbaya. Mjomba ni kitu kizuri, nami nilivaa nyama yake shingoni. Na Kanjogera hakuwa mtoto wa kusukumwa. Alijua anachotaka na alikichukua, hata kwa moto. Lakini ukihesabu kila mtu aliyelipia cheo cha wajomba, orodha inaanza na mke na watoto wa Rutarindwa, ambao hakuna mtu aliwauliza kitu.

Nilimwambia yule mzee kazi nisiwekewe, na binamu aulizwe kwanza, peke yake, bila hema limejaa watu. Amekasirika, hajanipigia simu tangu hiyo siku. Binamu bado anafikiria, na hiyo ni haki yake. Anaweza hata kusema ndiyo.

Sasa niambieni hapo chini: kwa hiyo nyumba yenu, nani anaolewa ili wengine wapate kula?