Penzi Linalotafuta Chumba: Riwaya za Mapenzi Zilizopita Mikononi mwa Eastlands

Serikali ya kikoloni haikutenga nafasi ya mapenzi jijini Nairobi. Mwafrika aliyeingia mjini alihesabiwa kuwa kibarua wa muda: apewe kitanda, afanye kazi, mkataba ukiisha arudi kwao alikomwacha mke na shamba. Ndiyo sababu nyumba nyingi za kale za upande wa mashariki, yaani Eastlands, kuanzia kota za reli za Muthurwa, zilikuwa vyumba vya wanaume waliolala wawili watatu pamoja. Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilishika njia yake. Huko watu walijijengea, na wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, jambo ambalo mwanahistoria Luise White alilichunguza kwa kina katika kitabu alichokitoa mwaka 1990. Kaloleni ya miaka ya 1940 ilikuwa miongoni mwa mitaa ya mwanzo iliyojengwa kwa fikra kwamba Mwafrika wa mjini naye ana mke na watoto.

Naanza na vyumba kwa sababu, bila kuvitaja, huwezi kueleza kwa nini wasomaji wa Jericho, Maringo, Bahati au Dandora wamezipenda riwaya fulani za mapenzi hadi zikachakaa, na nyingine wakazirudisha kabla ya kumaliza sura ya pili. Katika riwaya walizozipenda, swali la kwanza si kama wawili hawa wanapendana. Swali ni: watakaa wapi, na kodi atalipa nani? Msomaji wa chumba kimoja, chenye pazia kati ya kitanda na jiko, hulitambua swali hilo mara moja. Akilikosa kitabuni anahisi kuwa mwandishi anamficha kitu.

Riwaya inayolishika swali hilo tangu mwanzo ni Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye. Macgoye alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1928. Alikuja Kenya mwaka 1954 kufanya kazi katika duka la vitabu la wamisionari, akaolewa na Mkenya, na akaishi hapa hadi alipofariki mwaka 2015. Riwaya yake ilitoka mwaka 1986 na kupata Tuzo ya Sinclair. Paulina, msichana wa miaka 16, anashuka kwenye treni kutoka Kisumu mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, kumfuata mumewe Martin anayeishi Pumwani. Muda mfupi baadaye mimba inaharibika. Anapotoka hospitalini anapotea njia, anazurura katika mji asioujua, na hatimaye anapofika nyumbani anapokewa kwa kipigo, kwa kuwa mumewe hasadiki kwamba mtu anaweza kupotea hivyo.

Kurasa hizo ni ngumu, na najua wasomaji walioishia hapo. Nawasihi waendelee. Ndoa hii inachukua zaidi ya miaka 20 kukomaa, na kadiri nchi inavyopita katika uhuru, mauaji ya wanasiasa na miaka ya Kenyatta, ndivyo Paulina anavyojifunza kusimama kwa miguu yake, hadi Martin ndiye anayerudi kumtafuta. Hakuna riwaya ya mapenzi ya Nairobi ninayoipendekeza mbele ya hii.

Lakini haikuwa ya kwanza kusomwa. Moto uliwashwa mwaka 1971, East African Publishing House ilipochapisha Son of Woman ya Charles Mangua. Mhusika wake, Dodge Kiunyu, ni mtoto wa kahaba aliyelelewa Eastleigh. Amesoma hadi chuo kikuu, ana kazi serikalini, na ana ulimi usiojua haya. Kitabu kiliuzwa upesi mno na kuchapwa tena na tena. Wengi hukikumbuka kwa pombe na ulaghai. Mimi hukikumbuka kwa Tonia, binti wa rafiki ya mama yake Dodge, aliyekua naye katika ufukara uleule. Dodge akishazunguka kwa wanawake wa kila aina, anayebaki naye ni yule aliyemjua tangu utotoni, anayejua kila alichokificha. Hilo nalo ni penzi, hata kama halina waridi.

David Maillu aliifuata njia hiyo akiwa na kampuni yake mwenyewe, Comb Books. Vitabu vyake vilikuwa vidogo vya kutosha mfukoni, na alijua wasomaji wake ni akina nani: makarani, makatibu, makuli, watu wanaotoka ofisini na viwandani jioni na kurudi Eastlands kwa miguu au kwa basi. After 4:30, ya mwaka 1974, imeandikwa kwa mtindo wa ushairi, na wanaosema humo zaidi ni wanawake. Wanawalaumu waume, wakubwa wa kazi, na wanaume wote wanaodai mwili wa mwanamke kabla ya kumpa ajira. Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vya Maillu mwaka 1976, na wahakiki wa vyuo vikuu walivibeza. Kuna kurasa zake ambazo hata leo sioni zilihitajika. Hata hivyo, alisikiliza malalamiko ambayo waandishi wenye heshima zaidi waliyapita bila kugeuza shingo.

Wachapishaji wakubwa waliona soko. Mwaka 1975 Heinemann ya Nairobi, chini ya Henry Chakava, ilianzisha mfululizo wa Spear Books, na humo ikatoka Sugar Daddy's Lover ya Rosemarie Owino, moja ya riwaya za kwanza za aina hiyo kuandikwa na mwanamke wa Kenya. Mwaka uliofuata Meja Mwangi alitoa Going Down River Road, ambayo maduka huiweka kwenye rafu ya riwaya za mji na umaskini. Mimi huipa anayeniomba hadithi ya mapenzi. Ben, mjenzi kwenye jengo la ghorofa, anampenda Wini, na siku moja Wini anaondoka na mwajiri wake, akimwachia mtoto ambaye si wa Ben. Riwaya nzima inayobaki ni ya mwanamume asiye na kitu akijaribu, kwa hasira na kwa matusi, kutomtupa mtoto huyo. Msome kwa subira, maana huruma yake inachelewa kuonekana.

Kisha ikaja Across the Bridge ya Mwangi Gicheru, mwaka 1979. Nimewahi kuwauliza wasomaji wa rika mbalimbali riwaya gani ya Kenya iliwafanya wakeshe, na jina hilo hurudi kuliko mengine. Chuma ni mtumishi wa nyumbani. Caroline ni binti wa tajiri anayemwajiri, Kahuthu. Wanapendana, binti anapata mimba, na Chuma anagundua kwamba moyo peke yake hauwezi kumtunza msichana aliyekulia katika raha. Anaingia katika uhalifu ili aifikie hadhi ya mpenzi wake.

Hebu fikiria nani alikuwa akiisoma. Kila alfajiri, barabara ya Jogoo hujaa watu wanaotoka Eastlands kwenda kupika, kufua, kulima bustani na kulea watoto katika nyumba za Lavington, Kileleshwa na Westlands. Wanazijua jikoni zile vizuri kuliko wenyewe. Wanajua mlango upi wa kuingilia, kikombe kipi ni chao, na sauti ipi hutumika kuwaita. Riwaya ilipomchukua mtu kama huyo na kumfanya mpenzi, si mpita njia anayebeba sinia, ilimpa heshima ambayo gazeti halikumpa. Gicheru hakumfanya Chuma malaika. Amemwachia tamaa, uongo na woga. Ndiyo maana anaaminika, na ndiyo maana msomaji anaumia pale Chuma anapochagua njia mbaya, kwa kuwa tayari ameelewa ilivyokuwa rahisi kuichagua.

Nakala niliyosomea haikuwa na jalada la mbele. Ilikuwa imevalishwa karatasi ya kaki kama daftari la shule, uti wake umeshikwa kwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai, na ndani kulikuwa na majina ya walioazima, moja chini ya jingine, kila moja likikatwa kwa mstari kitabu kiliporudi. Nyakati za karatasi hivyo ndivyo riwaya zilivyopata sifa mtaani. Mtu hakuambiwa na mhakiki. Aliambiwa na jirani aliyemaliza usiku, asubuhi akaja na macho mekundu, akasema: soma hiki, lakini usikikalie, fulani anakingoja.

Chemchemi ya vitabu hivyo ilikuwa mjini, kwenye kile ambacho Nairobi nzima inakiita Inama: vitabu vya mitumba vilivyotandazwa chini kando ya njia, karibu na vituo ambako watu wa Eastlands hupandia matatu. Jina limetokana na mnunuzi mwenyewe, kwa kuwa huwezi kuchagua bila kuinama. Mills & Boon zilifika hapo kwa marundo, pamoja na Danielle Steel, Sidney Sheldon na James Hadley Chase. Wauzaji wengine walikubali urudishe ulichosoma, uongeze pesa kidogo, uchukue kingine. Pacesetters za Macmillan nazo zilikuwa hapo, na ndani yake For Mbatha and Rabeka ya mwaka 1980, ambamo Maillu yuleyule, sasa akiwa mpole, anaandika juu ya mwalimu wa kijijini anayehatarisha kumpoteza mchumba wake kwa mwanamume wa Nairobi mwenye fedha.

Sizidharau Mills & Boon. Zimewafundisha wengi kusoma kwa kasi, na msichana wa shule ya bweni aliyekificha kitabu ndani ya atlasi alikuwa anajifunza nidhamu ya msomaji. Lakini katika nyingi ya hizo nilizosoma, nyumba ipo tangu ukurasa wa kwanza, kubwa, na yenye bustani.

Mwaka 1989 Spear Books ilitoa kitabu ambacho nadhani ndicho kilichozungumza na wanawake wa mitaa hii moja kwa moja zaidi. John Kiriamiti, aliyehukumiwa kifungo mwaka 1971 kwa wizi wa kutumia nguvu, alikuwa tayari amewashangaza Wakenya mwaka 1984 kwa My Life in Crime. Sasa alikuja na My Life with a Criminal: Milly's Story, na humo anayesimulia ni mpenzi wa jambazi. Milly anampenda Jack Zollo akiamini ni mwanamume mwenye kazi safi. Mambo yaleyale tuliyoyasoma kama ushujaa katika kitabu cha kwanza, hapa tunayaona kutoka kwa anayengoja mlangoni: mume anayechelewa, fedha zisizo na maelezo, polisi. Visome viwili hivi vikifuatana. Ukisoma kimoja tu, umesikia upande mmoja wa ndoa.

Na Kiswahili? Pumwani na Majengo kilikuwa lugha ya nyumbani tangu mwanzo, na leo ndicho kinachowaunganisha majirani waliotoka kila pembe ya nchi. Lakini riwaya za Kiswahili za mapenzi zilifika Eastlands kutoka Pwani na Visiwani, na mara nyingi kwa mlango wa shule. Ukiwa ya Katama Mkangi ilitoka mwaka 1975. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, ilitahiniwa katika shule za sekondari, na Maimuna, binti aliyefungiwa ndani akaishia baa, akawa mtu wa kujadiliwa hata na akina mama ambao hawakuwa na mtihani. Watoto walisoma kwa sauti, mama akasikiliza akichambua sukuma wiki.

Ken Walibora aliendeleza kazi hiyo kwa Siku Njema mwaka 1996. Kongowea Mswahili anasafiri kutoka Tanga kuja Kenya kumtafuta baba, na mapenzi yamo, lakini kilichowateka wanafunzi ni lugha. Kwa vijana waliozoea kuambiwa kwamba Kiswahili chao cha Nairobi kimeharibika, ilikuwa furaha kuona Mkenya wa bara akikiandika kwa ufundi ule. Walibora aligongwa na gari na kufariki Aprili 2020 katika barabara ya Landhies, karibu na Muthurwa, njia ambayo wasomaji wake wa Eastlands hupita kila siku. Pigo hilo bado linauma.

Kwa Kiswahili, pendekezo langu la kwanza ni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999. Yasmin, msichana Mhindi wa Zanzibar aliyeozwa mzee, anaiacha ndoa, jamaa zake wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini wa mtaa wa Ng'ambo. Humo ndimo anamojuana na Denge, mpigania uhuru. Mtu wa Kaloleni au Shauri Moyo hahitaji maelezo kuhusu chumba cha Mwajuma. Anakijua.

Ninachokitamani ni riwaya ya mapenzi iliyoandikwa kwa Kiswahili, iliyo ya Eastlands kuanzia kiunzi hadi lugha ya konda. Hadithi za hapa tumezisoma zaidi kwa Kiingereza, na Kiswahili chetu kizuri cha riwaya kikabaki na harufu ya karafuu. Wenye uwezo wa kuiandika wapo, na wanaishi Umoja, Kayole na Huruma.

Wakati tunaingoja, maktaba za kaunti za Kaloleni na Makadara zimekarabatiwa kwa juhudi za Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, ambalo pia linahudumia Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu. Nenda na kijana. Kama hajawahi kumaliza riwaya, mpe Across the Bridge. Kama ameumizwa na mtu, mpe Milly. Na kama anapanga kuoa au kuolewa, mpe Coming to Birth, kisha kaeni mzungumze juu ya Martin.