Kwa nini begi la pikipiki likahitaji bampa?
Begi la ngozi likianguka linakunjika tu. Sanduku la plastiki ngumu linapasuka. Mabegi ya mwanzo ya pikipiki yaliiga yale ya farasi: mawili, ya ngozi, ubavuni. Baadaye wasafiri wakataka kitu kisichoingiza mvua na chenye kufuli. Mwaka 1980 Honda ikatoa Gold Wing Interstate, yenye masanduku yake tangu kiwandani. Sasa fikiria pikipiki ya kilo kama 300 ikilala: sanduku linakwaruzwa, hata kuvunjika. Dawa yake ni bampa ya bomba la chuma, inayotangulia kugusa chini na kupeleka nguvu kwenye fremu. Kwa hiyo ukifunga yako, kagua bolti: zikishika sanduku badala ya fremu, umefunga pambo tu.