Shimo la Chicxulub: ndege iliona, dunia ikachelewa

Ukienda leo Chicxulub, mji wa wavuvi kwenye pwani ya kaskazini ya Yucatán, Meksiko, hutaona shimo lolote. Ni boti, mchanga na nchi tambarare tu. Lakini chini yako, chini ya mawe ya chokaa yenye unene wa kilomita 1 hivi, kuna kovu lenye upana wa kilomita 180. Sasa jiulize: lilijulikanaje?

Mwaka 1978 Glen Penfield, mwanajiofizikia, alikuwa akichambua vipimo vya sumaku vilivyochukuliwa kwa ndege juu ya bahari ile, kwa ajili ya Pemex, kampuni ya mafuta ya serikali. Ndege ya namna hii hupita mstari baada ya mstari, kama trekta shambani. Mawe yenye madini ya chuma hubadilisha nguvu ya sumaku hata yakiwa yamefukiwa. Penfield akaona upinde, tena umepangika mno. Akatafuta ramani ya zamani ya mvutano wa nchi kavu. Mawe yaliyovunjikavunjika ni mepesi, hivyo mvutano wake ni mdogo kuliko wa mawe mazima. Humo akakuta upinde wa pili. Akaunganisha: duara!

Ngoja kwanza. Pemex ilikuwa imechimba visima hapo miaka ya 1950, na mawe yaliyotoka yalidhaniwa kuwa ya volkano. Penfield na Antonio Camargo walisema mwaka 1981 kwamba huenda ni kimondo. Mwaka mmoja nyuma, Luis na Walter Alvarez walikuwa wamedai kimondo ndicho kilichowamaliza dainosaria, ila hawakujua kilianguka wapi. Unaona? Hawa wana tukio, wale wana mahali. Lakini wataalamu wengi wa vimondo walikuwa kwenye mkutano mwingine, na habari ikalala.

Ilipofika 1990, mwandishi wa gazeti, Carlos Byars, alimdokezea Alan Hildebrand, mwanafunzi wa uzamivu. Sampuli za visima vile vya zamani zikatafutwa, zikakutwa na chembe za kwatzi zenye alama za mshtuko ambao volkano haiwezi kuuleta. Makala yao ikatoka 1991.

Kwa hiyo siku ukiona ramani ya sumaku yenye duara zuri, usikimbilie kutangaza. Umbo peke yake lingeweza kuwa la volkano. Uliza mawe yako wapi. Halafu uliza ni nani mwingine anayepaswa kuiona ramani hiyo, maana hii ilisubiri zaidi ya miaka kumi.